Vipande Vinne vya Kupeleka Mbale

Mara ya kwanza kupigwa kwa sababu ya kompyuta, nilipigwa na kipanya chenyewe. Afande alikichomoa nyuma ya mashine, akakizungusha kwa waya wake, kikanipata juu ya sikio. Kosa langu? Nilibonyeza kitu nisichokijua, barua ya mteja ikapotea. "Hii mashine iko na akili kuliko kichwa yako," akaniambia, kisha akanituma mjini nikatafute kipanya kingine, maana kile kilipasuka.

Afande ndiye aliyekuwa bosi wetu. Alikuwa amestaafu jeshi, akafungua ofisi ya kuchapa barua na vyeti ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katika barabara kuu ya Jinja, kwenye zile nyumba zilizojengwa na Wahindi. Jeshi alilistaafu, lakini mkono wake haukustaafu. Alipiga kwa rula, kwa daftari, kwa kiganja, na akishapiga alicheka na kukuagizia chai. Tulikuwa wafanyakazi wawili tu, mimi na mwenzangu, na tulikuwa tunajua kwa mlio wa viatu vyake ngazini kama siku hiyo tutacheka au tutalia.

Mimi mwenyewe si malaika, sitaki kudanganya mtu. Mimi ni Mnubi wa Bugembe, babu zetu waliletwa huku na bunduki kutoka Sudan, na nyumbani kwetu watoto hawakubembelezwa. Nimepigana shuleni, sokoni, hata uani mwa msikiti, Mungu anisamehe. Kiswahili tulikizungumza tangu tukiwa wadogo, na hilo nalo lilikuwa na balaa lake, kwa sababu watu wa Jinja wakisikia Kiswahili cha haraka wanakumbuka wanajeshi wa zamani, vizuizi vya barabarani na vitako vya bunduki. Nikikasirika, Kiswahili changu kinavaa buti. Nimeona watu wazima wakirudi nyuma hatua mbili kabla hawajanijua ni nani, na ukweli ni kwamba nilikuwa napenda.

Mwenzangu alikuwa kinyume changu. Mgisu, kwao ni milimani juu ya Mbale, mtu wa miaka ishirini na sita, mpole hadi unataka kumtikisa. Tulipanga chumba kimoja Masese, karibu na ziwa, ambako mama yake aliuza samaki mpaka alipofariki. Yeye ndiye aliyeijua ile kompyuta. Alikaa mbele yake kama fundi saa, mgongo umepinda, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, na hata Afande alipita nyuma yake kwa adabu.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo mengine yote hayana maana. Kwa Wagisu, mwanamume hutahiriwa akiwa kijana mkubwa, hadharani, amesimama wima, macho wazi, bila ganzi. Msimu huja kila baada ya miaka miwili, Agosti ikifika, na ngoma zake unazisikia kutoka mlima hadi mlima. Kijana akitikisika, ni aibu ya ukoo mzima. Akikimbia, hutafutwa. Asiyetahiriwa huitwa msinde, hata akiwa na mvi, na huyo msinde anaweza kukamatwa popote, Mbale, Jinja, hata Kampala, akakatwa palepale alipokamatwa, huku watu wakishangilia. Na polisi mara nyingi husimama pembeni.

Mwenzangu alikuwa msinde. Nililijua kwa sababu tulikuwa tunaoga pamoja ziwani Masese. Alinieleza siku ileile, huku tumejifunga taulo. Kaka yake alikatwa katika mstari wa vijana saba, kisu kimoja kwa wote, kikipanguswa kwa jani. Siku ya tisa taya za kaka zikakaza. Mgongo ukapinda kama upinde, akawa hawezi kumeza hata maji. Mwenzangu ndiye aliyemshika kichwa mpaka akakata roho. Mama yao hakusubiri mwana wa pili afike zamu yake, akamchukua wakahamia Jinja, na tangu hapo kila msimu ukija yeye alikuwa anajifungia Masese mpaka ngoma zitulie.

"Sitoi siri yako hata kwa kisu," nikamwambia, na tukacheka kwa hilo neno kisu. Nikaapa. Kwa Mungu niliapa.

Kazi yenyewe ililetwa na daktari mmoja, mama mfupi mwenye miwani, wa mradi wa afya wa huko Mbale. Alikuwa na mkutano na mangariba na wazee, kabla ya siku zenyewe za kukata kuanza, kuwaomba jambo moja: kila kijana akatwe kwa kisu chake, kipya, kisha kitupwe. Alikuwa na mashine ya kumulika picha za kompyuta ukutani, ameiazima. Alitaka fumbo la vipande, lile la watoto, ambapo kipande kina kinundu na jirani yake ana shimo, vikikutana vinashikana. Vipande vinne: ngariba, mzazi, kijana, zahanati. Kila kimoja kiingie kutoka upande wake wa ukuta, kije, kishikane na mwenzake, mpaka picha ikamilike. "Wazee wangu hawapendi kusomewa," akasema. "Wanapenda kuona."

Afande akatutazama. "Wewe na wewe. Siku nne. Nataka hii moja naingia ndani ya ile nyingine, sawasawa? Zisipoingia, nyinyi ndio mtaingia."

Siku hizi nasikia mtu anabonyeza mara moja na fumbo limetokea. Wakati ule programu ile ilikuwa na mraba, duara, mstari na mshale, basi. Fumbo ulijitengenezea. Mimi niliona njia mara moja: chora mraba, bandika duara la rangi ileile pembeni, hicho ndicho kinundu. Upande wa pili bandika duara jeupe, hilo ndilo shimo. Nikajisifu sana.

Mwenzangu akatikisa kichwa. "Hilo si shimo, bwana. Hilo ni duara jeupe. Kipande kikisogea, linasogea nalo, linakwenda kumfunika mwenzake."

"Utaweka hiki mbele, kile nyuma."

"Viko vinne, vinazunguka. Wa kwanza awe juu ya wa pili, wa pili juu ya wa tatu, wa tatu juu ya wa nne. Na wa nne awe juu ya wa kwanza? Niambie, utamweka wapi?"

Mtu akinikosesha jibu mimi naona moto. Yeye akaanza njia yake. Alichukua ule mstari wa kuchora kwa nukta, akabonyeza nukta moja moja kuzunguka kila kipande, kupanda kinundu, kushuka shimo, nukta mia na zaidi kwa kipande kimoja. Mkono ukiteleza, mstari unajifunga vibaya, unafuta, unaanza upya. Umeme ukikatika, na Jinja tunaishi ubavuni mwa bwawa la umeme lakini unakatika, unaanza upya. Siku ya kwanza alimaliza kipande cha ngariba. Siku ya pili cha mzazi. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, cha kijana, na hicho alikichora kwa upole mno, akikikuza kwenye kioo kuona kama kingo zimelainika. Nilijua anamchora nani. Nilijua, na bado nilikuwa namlaumu kwa kuchelewa.

Adhuhuri ya siku ya tatu akatoka kwenda kula. Nikakaa kwenye kiti chake. Kwa saa moja nikachora vyote vinne kwa njia yangu, mraba na maduara, rangi nne kali. Kwa macho, vikiwa vimetulia, vilikuwa vizuri kuliko vyake. Nikahifadhi kwa jina lilelile la faili lake. Mashine ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika, kile cha zamani kitafutika. Nikabonyeza ndiyo. Sikusoma hata neno la pili. Nilikuwa nataka Afande aone.

Afande akaona, akanipiga begani kwa furaha, na hilo bega liliniuma siku mbili. "Huyu sasa ni mwanaume wa kazi!" Nikavimba.

Mwenzangu akarudi, akakaa, akabonyeza kitufe cha kuonyesha. Kipande cha ngariba kikaingia kutoka kushoto. Cha mzazi kikaingia kutoka juu, na duara lake jeupe likakifunika kinundu cha ngariba, kikawa hakipo. Cha kijana kikamla mzazi. Cha zahanati kikamla kijana. Ukutani ingekuwa picha ya vitu vinne vilivyoumwa na panya. Alitazama mpaka mwisho. Halafu akaenda kutafuta faili lake, akatafuta tena, akafungua disketi, hamna. Siku tatu.

Sikuwahi kumwona akipiga mtu. Aliinuka taratibu kabisa, akanipiga ngumi ya mdomo, nikaonja damu. Nikamrukia. Meza ikaanguka, tukatoka mlangoni tumeshikana makoo, tukashuka ngazi zile za mbao kwa migongo na magoti, na kila ngazi alinipiga, na mimi nilimpiga, lakini ngumi zake zilikuwa na uzito ambao zangu hazikuwa nao. Alikuwa analia huku anapiga. "Ilikuwa ya kaka yangu!" alisema, si kwa sauti kubwa. "Ya kaka yangu, mjinga wewe!"

Tulifika chini, barazani mwa duka la vitambaa. Watu walijaa. Gari la mradi lilikuwa limeegeshwa pale, limekuja kuchukua kompyuta yetu na sisi wenyewe kwa safari ya Mbale kesho yake, na dereva wake alisimama kando ya mlango, anatazama. Mwenzangu alikuwa juu yangu, goti kifuani. Nikajua nimeshindwa, nimeshindwa kwa ngumi na nimeshindwa kwa haki. Nikasema kwa sauti, kwa kile Kiswahili changu cha buti:

"Unanipiga mimi? Wewe? Kisu cha kwenu kinakutafuta na wewe umejificha Masese! Msinde! Msinde mkubwa!"

Akaniachia. Aliniachia kama mtu aliyeshika kaa la moto. Watu wa Jinja wengine walicheka, wengine hawakuelewa. Dereva alielewa. Alimwangalia mwenzangu kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akaingia ndani ya gari akafunga mlango.

Jioni ile chumbani Masese nilimwambia asiende. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, maneno yalitoka yamepinda. Nilimwambia mimi nitapeleka ile mashine peke yangu.

"Nimemuuliza dereva," akasema. "Nimemuuliza kama alisikia. Amesema alisikia watu wawili wanagombana, basi."

"Na umemwamini?"

"Nisipokwenda, watamulika ile takataka yako ukutani. Wale wazee watacheka, watakunywa soda zao, watarudi kwao, na vile visu vipya vitabaki kwenye maboksi. Mkutano ni saa sita. Tukifika asubuhi nachora upya. Mkono umeshazoea." Akageukia ukuta. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tuliondoka alfajiri. Kompyuta tuliifunga kwa blanketi, nikaipakata. Kutoka Jinja hadi Mbale mimi, niliyezoea kupiga soga kila safari, nilihesabu nguzo za umeme njia nzima. Mbale ilikuwa imechangamka. Makundi ya vijana walikuwa wanacheza barabarani wamepakwa unga, na firimbi, na njuga mapajani. Kila kundi lilipopita, mwenzangu alikuwa anaangalia magoti yake.

Dereva akatushusha kwenye ukumbi, akasaidia kuingiza mashine, akasema anakwenda kutia mafuta. Ilikuwa kama saa mbili unusu. Mwenzangu akakaa, ulimi pembeni mwa mdomo, akaanza. Sijaona mtu akichora vile. Nukta, nukta, nukta. Saa tano alikuwa amemaliza vitatu, na wazee walikuwa wameanza kuketi, kofia zao magotini, na mangariba safu ya mbele, na daktari na boksi lake la visu vipya, kila kimoja ndani ya karatasi yake. Nilianza kuvuta pumzi. Nikajiambia, huyu dereva ni muungwana.

Ndipo tukasikia ngoma. Nyingi zilikuwa zimepita asubuhi ile, lakini hizi hazikupita. Zilisimama nje ya mlango. Mwenzangu hakugeuka. Aliendelea kubonyeza, na mimi niliona shingo yake ikilowa jasho.

Nikaenda mlangoni. Walikuwa wanaume kama arobaini, na dereva wetu kati yao. Hakuficha uso. "Ni wa ukoo wetu," akaniambia, karibu kwa huruma. "Nikinyamaza ni mimi nitakuwa nimemficha. Mwambie atoke mwenyewe, bwana, ni heshima zaidi."

Na hapo nikafanya kosa langu la tatu. La kwanza nilifuta, la pili nilitangaza, la tatu nilifokea watu wa Mbale kwa Kiswahili cha kambini. "Rudi nyuma!" nikapaza sauti. "Rudi nyuma wote! Kaa chini!" Nilidhani watarudi hatua mbili, kama wa Jinja. Ebo! Mzee mmoja uso ukambadilika palepale. Labda aliwahi kuambiwa maneno hayohayo na mtu mwenye bunduki, labda alikaa chini, labda hakuwahi kujisamehe. Yeye ndiye aliyenipiga wa kwanza, kwa fimbo, kwenye paji la uso. Wengine wakafuata. Nilipigwa na ngumi, na viatu, na mti wa ngoma. Jino likang'oka, nikalimeza. Nikashika mguu wa mtu nikauma mpaka nikahisi ngozi inaachia, na bado walinipita, walinikanyaga wakaingia, kama mtu anavyokanyaga mkeka.

Daktari alisimama njiani, mikono amepanua, anapiga kelele kwamba huu ni mkutano wa afya, kwamba ataita polisi. Askari alikuwepo, alikuwa getini tangu asubuhi. "Mama, hii ni mila," akasema, na akaweka kofia yake kwapani. Viti viliruka. Walimshika mwenzangu kwa shati, likachanika mgongoni, wakamburuta na kiti chake, na mmoja akampiga kofi, na mwingine kofi, la kumwamsha, si la chuki, na hilo lilinitia kichaa zaidi.

"Niachieni," akasema. Hakupiga kelele, lakini nilimsikia. "Niachieni nitembee."

Wakamwachia. Akainama kwenye mashine, akahifadhi kazi yake, akatembea kutoka nje.

Wakamtazama ngariba mmoja wa safu ya mbele, mtu mzima, mrefu. Akasema yeye kaalikwa kwenye mkutano. Wakazidi kupiga kelele. Akamgeukia daktari. "Nikikataa watamleta mwingine," akamwambia, "na huyo mwingine mimi sijui kisu chake kimetoka wapi." Daktari alikuwa analia, miwani imepinda. Akapasua boksi lake, akatoa kisu kimoja. "Basi hiki," akasema. "Hiki, kipya. Na nawa." Ngariba akanyoosha mikono, daktari akaimiminia spiriti.

Mimi nilikuwa chini, jicho moja limezibwa na damu, mtu amekalia miguu yangu. Kwa jicho la pili niliona. Walimpaka unga. Walimpa fimbo, akaishika nyuma ya shingo kwa mikono miwili. Alisimama wima katikati ya ua, saa sita kamili, jua juu ya utosi, akatazama juu ya vichwa vya watu kuelekea milimani. Hakutikisika. Wala kope. Ilikuwa muda mfupi sana kuliko nilivyodhani. Halafu vigelegele, firimbi, na walewale waliomburuta wakamshika kwa upole kama yai, wakamkalisha, wakamfunika shuka, wakamwita mwanaume, wakamwita ndugu. Dereva alikuwa analia kwa furaha. Nilitamani kumuua. Nilitamani pia, aibu gani hii, kupiga kelele za furaha na mimi, kwa kuwa hakutikisika.

Mkutano uliahirishwa. Nilishonwa nyuzi sita zahanatini, nikarudi Jinja na kompyuta kwenye blanketi. Afande aliniangalia uso, akainua mkono, akaushusha. Ndiyo mara pekee aliyoacha kupiga.

Wiki ya nne nikapanda kwenda kumwona. Alikuwa kwa mjomba wake, mlimani juu ya mji, anauguzwa. Nilimkuta uani kwenye kigoda, amevaa shuka kama sketi, amenenepa kidogo. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri. Vijana waliokuwa pale walimwita kwa heshima, wakaondoka ili tuzungumze. Nikakaa chini, juu ya majani.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Zilikuwa hasira. Unanijua mimi na hasira."

Alivuta shuka yake juu ya magoti.

"Hasira zilikuwa zangu," akasema. "Wewe ndiye uliyefuta kazi. Mimi ndiye niliyekasirika. Wewe ulikuwa umekosa, na ulijua, na ngumi zilikuwa zimekushinda. Ukatafuta kitu cha kunimaliza."

"Yalinitoka tu. Sikujua dereva yuko pale."

"Ulijua."

"Wallahi—"

"Usiape. Ulikuwa chini yangu, uso wako ulikuwa hapa." Akaonyesha kiganja chake. "Uligeuza macho ukamtazama yeye kwanza. Ndipo ukasema."

Nikafungua mdomo nibishe, maana kubisha ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Kwa wiki nne nilikuwa nimejieleza kila usiku kwamba lilikuwa neno la kuteleza, na watu wa Jinja waliponiuliza niliwaambia hivyohivyo, na niliamini. Na sasa niliona lile baraza, mabango ya vitambaa, na yule mtu kando ya gari lenye maandishi ya Mbale ubavuni. Nilimwona. Nilimjua ni wa wapi. Nilihesabu, hata kama ni kwa nukta ya sekunde, kwamba huyo ndiye atakayesikia vizuri zaidi.

"Nilimwona," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akamwita mke wa mjomba wake aniletee chai, na ikaja na mkate, na yeye alinitazama nikinywa mpaka nikamaliza, kisha akaniambia magari ya Jinja huondoka mapema, nisichelewe. Nikashuka mlima. Hakurudi Jinja, na vitu vyake vya Masese alituma mtu mwingine kuvichukua.